Kalamu Mbili na Ubeti wa Tano

Læsø, 20 Agosti

Mdogo wangu mpenzi Sidsel,

Pokea salaam za kisiwa kizima, kuanzia kwangu, kwa shemeji yako Troels, hadi kwa kuku wanne tuliopewa na jirani kuwa zawadi ya harusi. Sote wazima. Wewe je? Kile kifua kilichokusumbua ulipokuwa hapa Julai kimepona? Unalala? Unakula? Kitanda cha bweni hakikuumizi mgongo?

Hii ni wiki ya kumi tangu niolewe, na bado nikiamka asubuhi namtazama Troels alivyolala na kucheka peke yangu kama mwehu. Sikujua mtu anaweza kuupenda hata mkoromo wa mtu. Saa tisa alasiri anarudi kutoka kwenye majiko ya kuchemshia chumvi ya bahari, nyusi zimekuwa nyeupe, nami humwita mzee wangu. Jana nilimbusu nikamwambia leo mboga haihitaji chumvi. Akasema, "Basi usinimalize, kesho nina zamu." Nilicheka mpaka nikaunguza viazi. Tukavila vilevile vimeungua, na naapa sijawahi kula viazi vitamu kama vile.

Picha za harusi zimefika. Ile ninayoshuka ngazi za kanisa nimeitazama labda mara ishirini. Gauni limenikaa kana kwamba nilizaliwa nalo. Wanawake wa duka la hapa bado wananiuliza nilipunguaje vile kati ya Februari na Juni. Nawajibu lilelile nililowajibu watu wote: mapenzi na baiskeli. Mmoja kanunua baiskeli.

Wimbo wa karamu ya harusi aliotutungia Mama mdogo Henny nimeutia kwenye fremu, uko ukutani juu ya friji. Kila nikienda kuchukua maziwa nasoma ubeti mmoja, nasikia wageni themanini na wanne wakiimba. Na unakumbuka keki ya siku yangu ya kuzaliwa, Mei? Mama alivyomtengeneza yule msichana wa keki, na kichwa, na miguu, na kiuno chembamba ili afanane na mimi, akavunjika katikati kabla hajafika mezani? Nikamkata koo kwa kisu kama ilivyo ada ya mwenye siku yake, nanyi mnapiga mayowe, lakini alikuwa tayari vipande viwili. Masikini yule binti. Nilimla miguu kidogo tu.

Niandikie upesi. Najua simu wamewafungia huko shuleni, na mimi nimeanza kupenda kuandika barua, ni kama kuchumbiwa tena.

Dada yako aliyeolewa (bado napenda kuliandika neno hilo),
Gry


Shuleni, 1 Septemba

Dada Gry,

Mimi sijambo, na kuku nao nawasalimu. Kifua kimepona.

Barua yako ilitangazwa mbele ya watu mia na ishirini wakati wa chakula cha mchana. Preben, mwalimu mkuu, husimama na kuita jina la kila mwenye barua, na kwa kuwa ni mimi tu ninayeandikiwa, sasa bweni zima linaniita Bibi Posta. Nimezoea. Simu tunapewa saa moja kila jioni, na saa hiyo nusu ya watu hapa wanalia na mama zao. Heri kuwa Bibi Posta.

Kulala nalala. Kula, dada, hamu imeniisha tu. Ijumaa walipika nyama ya nguruwe na mchuzi ule mweupe, kile chakula nilichokuwa nikipigania na wewe hadi Mama anatutenganisha. Nikala viazi viwili nikatosheka. Ilikuwa kama kuna mgeni ndani yangu, mgeni mwenye adabu, anasema ahsante nimeshiba kabla sijamkaribisha. Alberte, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza, "Bibi Posta, una nini wewe, umependa?" Nikamwambia ndiyo, mapenzi na baiskeli. Hata baiskeli sina.

Ile suruali ya buluu naifunga kwa kamba ya kiatu. Kuna wasichana ambao wiki ya kwanza walinipita kama kiti, sasa wananisalimia kwa jina langu. Sijui nifurahi au nilie. Nimeamua nifurahi.

Asubuhi tuna mazoezi ya viungo kabla ya chai. Kichwa kinazunguka kidogo, nadhani ni kwa sababu hatujala.

Usinitumie biskuti. Msalimie shemeji, na mwambie nilifurahia kila kitu kilichokuwa kwenye friji yenu.

Mdogo wako,
Sidsel


Læsø, 9 Septemba

Mdogo wangu Sidsel,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na safari hii nikisema mzima namaanisha hivyo. Sisi hapa hatujambo. Upepo umeanza, kuku mmoja ameacha kutaga.

Ile sentensi yako kuhusu friji niliisoma mara mbili. Kisha nikaenda nikafungua mlango, nikasogeza mtungi wa achari ya bitiruti, nikatazama nyuma yake. Palikuwa na boksi dogo jeupe lenye kalamu mbili za sindano. Halipo. Wewe ndiye mgeni pekee aliyelala hapa kiangazi chote.

Sitakuzungusha. Ndiyo, ni zangu. Nilizitumia kabla ya harusi, kidogo tu, kwa ajili ya gauni, na baada ya harusi nikaacha. Ni dawa ya kupunguza unene, Sidsel. Ina jina langu juu yake, si lako. Una miaka kumi na sita. Kama hujaanza, usianze. Kama umeanza, acha leo, zitie kwenye bahasha nene unirudishie. Usiandike nje kilichomo ndani.

Na nakuomba kwa jina la udada wetu, usimwambie Mama. Unajua alivyomsimulia kila mtu pale nyumbani Skive habari ya baiskeli yangu, mpaka kwa daktari wake wa meno. Akijua atazama ardhini kwa aibu. Mama mdogo Henny naye asijue, maana akijua yeye imejua nchi. Na shemeji yako, Sidsel, hasa shemeji yako. Troels husema alinipenda siku aliponiona nimeshuka kwenye feri na baiskeli yangu, upepo umenipeperusha nywele. Hajui mengine. Bado tuko kwenye asali, mdogo wangu. Usiimwage. Utaniachia hilo tu, sivyo? Tulishawahi kuficha makubwa zaidi, mimi na wewe. Je, unaumwa popote?

Nimekufungia soksi za sufu, nilizifuma mwenyewe.

Dada yako akupendaye,
Gry


Shuleni, 16 Septemba

Dada,

Salaam. Afya yangu unaijua, maana ni yako, niliichukua kwenye friji.

Barua yako ina mistari thelathini na mitatu. Nimehesabu kwenye somo la hesabu. Ishirini inaeleza nani asijue. Nusu mstari unauliza kama naumwa.

Sasa nikukumbushe kitu, kwa kuwa umekitundika ukutani na huenda umekizoea. Ubeti wa tano:

Zamani Gry sahani aliifuta hadi chini,
leo kiuno cha nyigu, gauni limemkaa mwilini;
msiulize sahani yake imebaki kwa nani,
Sidsel ameirithi, na kijiko anacho mkononi.

Kila mtu alikuwa na karatasi yake. Watu themanini na wanne wamesimama, na mimi nimesimama nao, naimba, kwa sababu wimbo wa karamu unaimbwa na wote, huwezi kufunga mdomo halafu uonekane mtu mzima. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nilipoliona jina langu. Nikaliimba. Niliimba jina langu na kijiko changu kwa sauti nzuri, dada, na mbele yangu palikuwa na sahani ya pili ya viazi. Watu wakanigeukia wakicheka kwa upendo. Bibi akanipapasa mgongo. Kisha tukapiga hureee mara tatu kwa ajili yako.

Chini ya karatasi imeandikwa Mama mdogo Henny. Lakini Mama mdogo hajawahi kusema "kiuno cha nyigu" maishani mwake. Hilo ni neno lako, ulilisema kila siku mbele ya kioo tangu Machi.

Kwa hiyo usiniambie niache. Wewe una kalamu, mimi nina kalamu. Yako iliandika ule ubeti, yangu inaufuta.

Wala usidhani ni mimi peke yangu. Kwenye bweni letu tuko watano. Mmoja anadungwa na mama yake mwenyewe, Jumapili, akienda nyumbani. Mwingine alinunua kwa mtu asiyemjua. Hakuna mwenye kiuno cha nyigu, sote tuna baridi tu.

Siri yako ninayo. Soksi ni nzuri.

Sidsel


Læsø, 17 Oktoba

Mdogo wangu,

Safari hii sikuulizi hali kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Nauliza kama mtu anayebisha mlango alioufunga mwenyewe. Unaendeleaje? Maji ukinywa yanakaa? Mama anasema umerudi nyumbani na umelala chumba changu cha zamani. Blanketi la kijani liko kwenye kabati la juu.

Barua yako ya Septemba niliijibu mara tatu. Zote tatu nilizitia jikoni zikaungua, kwa sababu kila moja ilianza kwa kujitetea. Ndiyo maana umekaa mwezi mzima bila neno langu. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo ningebaki mzuri ndani yake. Haipo.

Jumanne Mama alipopiga simu nilikuwa napiga pasi mashati ya Troels. Akaniambia umeanguka kwenye mazoezi ya asubuhi. Kwamba ulikuwa umetapika siku mbili ukiwaficha walimu, na tumbo hutaki hata liguswe. "Wanadhani ni kidole tumbo," akasema. "Saa kumi wanamlaza wampasue. Wamemuuliza kama anatumia dawa yoyote, amesema hapana. Mtoto wa watu, hata ya kichwa hapendi kumeza."

Nikasema, "Mungu amsaidie, Mama." Nikakata simu. Nikaendelea kupiga pasi.

Hili hakuna mwingine anayelijua, hata Troels nilimpunguzia. Zilikuwa dakika kumi na moja, Sidsel. Saa ya ukutani iko juu ya meza ya pasi. Kwa dakika kumi na moja nilijua kitu ambacho daktari wako hakijui, nikamaliza shati moja nikaanza kola ya jingine. Sikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa nauwaza uso wa Troels akisikia kwamba kiuno cha yule msichana wa kwenye feri kilitoka kwenye boksi, si kwenye baiskeli.

Kisha nikaunguza kola. Ile harufu ndiyo iliyoniamsha. Nikampigia Mama simu, na Troels akaingia na buti zake za chumvi nikiwa katikati ya maneno, na sikunyamaza. Mama akasema neno moja tu, "Gauni." Akampa daktari simu. Daktari alikuwa mwanamke, sauti ya upole. Akaniuliza jina la dawa na lini nilijua. Akasema ile dawa hukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu, wangekulaza usingizi tumbo likiwa bado na kitu, na kingeweza kupanda kikaingia mapafuni. Akasema, "Umefanya vizuri kutuambia, kupasua kutasubiri." Angenitukana ningepumua.

Nilipoweka simu nilimwambia Troels mengine yote. Kuhusu fomu ya mtandaoni, nilivyojiongezea kilo kumi na mbili ili daktari asiyeniona aniandikie. Jinsi nilivyokuwa najidunga bafuni bomba likiwa wazi. Akanisikiliza, akavua buti moja, akabaki na nyingine. Akasema, "Gry, nani anakula bitiruti nyumba hii?"

"Wewe."

"Mimi peke yangu. Kila siku ya Mungu. Unadhani ule mtungi unasogezwa na nani?"

Alizijua kalamu tangu Aprili, nilipokuwa nikija kwake wikendi. Alikuwa anasogeza boksi, anachukua bitiruti zake, anarudisha boksi mahali pake, vizuri, lisianguke. "Nilisubiri siku utakayotaka kuniambia," akasema. "Zilipotoweka nikadhani umeacha, nikafurahi kimyakimya." Hajanigombeza. Ila tangu siku ile hajanitania hata mara moja, na nyumba isiyo na utani wa Troels ni kama chakula cha hospitali.

Mambo mawili yamebaki. Nilikuambia sentensi yako ndiyo iliyonipeleka kwenye friji. Si kweli. Sketi yangu ilikuwa imeanza kubana na nilikwenda kuzitafuta nianze tena.

Na ubeti wa tano niliuandika mimi. Mama mdogo alisema wimbo umepungukiwa ubeti kuhusu gauni, nikamtumia huo usiku uleule, ukanitoka kama maji. Nimejiuliza kwa nini ulikuwa rahisi hivyo. Nadhani nilitaka watu waitazame sahani yako ili wasiitazame yangu.

Mama nimemwomba radhi. Wewe sijui nikuombe kwa maneno gani, kwa hiyo nimekuambia ukweli kwanza.

Gry,
dada yako, kama neno hilo bado unalitaka


Læsø, 5 Novemba

Sidsel,

Hujanijibu, na una haki. Mama anasema umerudi shuleni na unakula supu. Sitaki kitu. Nataka tu Preben aite jina lako mezani, usije ukadhani huandikiwi tena.

Fremu nimeishusha. Ukutani pamebaki mraba mweupe kuliko ukuta, na kila anayeingia anauliza palikuwa na nini. Nawaambia palikuwa na kitu ambacho sikupaswa kukiandika. Yule mama wa dukani aliyenunua baiskeli nilimweleza ukweli juzi, mbele ya foleni. Akanitazama, akasema, "Basi niirudishe?" Halafu akanishika mkono.

Jana Troels aliweka mtungi wa bitiruti katikati ya meza, akasema kuanzia leo unakaa hapa, maana kule nyuma kuna msongamano. Ni utani wa kwanza tangu Oktoba. Nililia kwenye sahani.

Gry


Shuleni, 21 Novemba

Dada Gry,

Natumaini hamjambo wewe, shemeji na kuku. Mimi naendelea. Maji yanakaa. Supu inakaa. Juzi hata nyama na ule mchuzi mweupe vilikaa. Yule mgeni mwenye adabu ameondoka bila kuaga, na njaa imerudi kama paka aliyepotea, haielezi ilikuwa wapi, inalia tu mlangoni. Suruali ya buluu sasa inakaa bila kamba. Siku nyingine nafurahi. Siku nyingine nalia chooni bomba likiwa wazi, nawe unajua bomba linavyosaidia.

Nilikuwa na hasira zaidi nawe kwa kusema, kuliko nilivyokuwa na hasira kwa kuficha. Hilo linanitia aibu kidogo. Mama alipomaliza kunisimulia yote uliyomwambia daktari, nilivuta shuka usoni nikatamani ungeendelea kupiga pasi.

Dakika zako kumi na moja nimezifikiria sana. Mimi nililala pale tangu asubuhi. Yule daktari aliniuliza mara tatu, mara ya tatu alimtoa Mama nje kwanza, akaketi kitandani, akasema hakuna atakayenigombeza. Nikamjibu hapana mara tatu. Nilijua ni hizo kalamu. Niliona heri wanipasue. Kwa hiyo tuna aibu mbili, dada, moja kwako na moja kwangu, kama tulivyokuwa na kalamu mbili.

Ile ya pili, ambayo sikuifungua, nilimpelekea Preben ofisini. Nilidhani ataita wazazi wote na polisi. Aliishika tu kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa, akasema ahsante, Sidsel. Kesho yake alikuta bahasha chini ya mlango wake, haina jina, ndani mna tatu nyingine. Mezani hakutangaza kitu. Ila siku hizi anakaa meza yetu, na anakula polepole sana, hainuki mpaka wa mwisho amemaliza.

Sasa sikiliza. Tarehe sita Desemba natimiza kumi na saba, ni Jumamosi, nitakuwa nyumbani. Mama anauliza kuhusu wimbo. Mama mdogo Henny amejitolea, nimemkatalia. Nimesema uandike wewe. Andika beti nne kama kawaida, unitanie unavyotaka kuhusu Bibi Posta na hesabu. Ubeti wa tano uache mtupu, namba tu, halafu nafasi nyeupe. Tukifika hapo tutasimama wote kimya kwa urefu wa ubeti mmoja, na wasiojua sababu wataona ni mzaha. Mimi na wewe tutajua. Kisha mtapiga hureee.

Njoo na shemeji. Alete bitiruti.

Na kitu kimoja mwambie Mama wewe, maana nikimwambia mimi ataanza kulia. Ni kuhusu keki. Yule msichana wa keki mwaka huu asibanwe kiuno. Koo nitamkata mwenyewe, nanyi mpige mayowe kama ilivyo ada. Lakini kwanza tunataka afike mezani mzima.

Mdogo wako,
Sidsel